Sindano, Pindo na Jina: Ushonaji wa Nyumbani kama Matini katika Mji wa Kale wa Mombasa

Uhakiki wa leso katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, uhakiki wa jina. Mtafiti hukusanya majina yaliyochapwa kwenye leso, akayagawa katika mafungu ya mapenzi, mafumbo, nasaha na dua, kisha akayachambua kana kwamba yaliandikwa kwenye karatasi. Kitambaa chenyewe hutajwa katika aya ya utangulizi na kuachwa hapo. Kazi hizo zimefaa sana. Zimewafanya wengi wakubali kuwa wanawake wa pwani walikuwa na jukwaa la kusemea hata pale ambapo diwani zilizochapishwa zilijaa majina ya wanaume. Hata hivyo zimeacha pengo. Leso hainunuliwi ikiwa tayari kuvaliwa. Huuzwa jozi, vipande viwili vikiwa vimeshikana, na kabla jina halijasomwa na jirani yeyote sharti mtu aikate katikati na kuipinda. Kuna kitendo cha mkono kinachotangulia kitendo cha kusoma, na kitendo hicho hakina nafasi katika majedwali ya wahakiki.

Makala hii inanuia kukichunguza kitendo hicho, na vingine vya jinsi yake vilivyofanyika katika nyumba za kisiwa cha Mombasa, hususan Mji wa Kale, kwa vizazi vilivyotangulia: kushona kofia kwa mkono, kukata na kuunga kanzu, kudarizi, kutia viraka, kushonoa nguo ya mkubwa ili kumshonea mdogo. Hoja inayopendekezwa ni kwamba shughuli hizi hazikuwa tu mandhari ya nyuma ya fasihi ya wanawake wa Mvita. Ndani yake mlikuwa na uteuzi, uunganishaji, ufumbaji na hata urudiaji wa kazi ya mwingine, mambo ambayo mhakiki huyaita utunzi yanapofanywa kwa maneno. Kuyasahau kumeathiri namna ambavyo matini za maneno zenyewe zinasomwa.

Yafaa kuanza na hekaya ya asili ya leso, maana inajulikana na wengi na bado haijasomwa vizuri. Neno lenyewe limetokana na Kireno, lugha iliyoacha maneno yake Mombasa pamoja na ngome ya Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Kwa Wareno lilimaanisha kitambaa cha mkono. Inasimuliwa kuwa katikati ya karne ya 19 vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa mfululizo mmoja, kila kimoja kikikatwa kutoka katika jora. Wanawake wakawa wananunua sita pamoja bila ya kuvitenganisha, wakaukata mfululizo huo katikati kuwa mitatu na mitatu, kisha wakaishona mistari hiyo miwili ubavu kwa ubavu hadi ikawa shuka moja yenye upana wa kutosha kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza kitambaa kilichochapwa kikiwa kizima, na leso ya kushona ikatoweka.

Zanzibar nayo huisimulia habari hii kuwa yake, na huenda ubishi huo usiishe. Linalostahili kuzingatiwa ni muundo wa hekaya. Hesabu yake ni hesabu ya mshonaji: sita, tatu na tatu, mshono mmoja. Si lazima kila kipengele chake kithibitike ndipo ionekane kuwa imesimuliwa na watu waliojua sindano. Ndani yake mwanzilishi ni mwanamke, na mfanyabiashara ni mwigaji. Lakini pindi kiwanda kinapoingia, uhusiano huo unapinduka: mwanamke anageuka kuwa mnunuzi, na baadaye, jina linapoongezwa, anageuka kuwa msomaji. Uhakiki wa leso umeanza pale mapinduzi hayo yalipokwisha kutimia. Ndiyo maana umemkuta mwanamke akiwa amekaa upande wa pili wa matini, akichagua miongoni mwa maneno yaliyokwisha kuchapwa, na ukaona kwamba uchaguzi huo ndio ubunifu wake wote.

Duka lililohusishwa zaidi na kutia majina kwenye leso liko Mombasa: la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa mwaka 1887, ambalo alama yake ya K.H.E. pamoja na maneno Mali ya Abdulla ilienea pwani nzima. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, kisha hati ya Kirumi ikachukua nafasi. Inafahamika pia kwamba wateja wa kike walikuwa wakipeleka mapendekezo ya majina kwa wafanyabiashara. Lakini tazama kilichobaki kimechapwa: aliyependekeza jina hatajwi, ilhali mwenye duka anatajwa kwenye kila kipande. Kwa lugha ya wanataaluma, leso ina mchapishaji anayejulikana na mtunzi asiyejulikana. Hali hiyo, kama itakavyoonekana, haikuwa ya leso peke yake.

Kanzu inatoa ushahidi wa aina nyingine, yaani ushahidi wa msamiati. Mtu asiyeshona huiona kanzu kuwa kitu kimoja cheupe kinachoteremka kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Aliyeishona huijua kwa vipande. Kuna badani, yaani vipande vikuu vya mbele na nyuma. Kuna taharizi, vipande vya ubavuni vinavyoipanua kuelekea chini ili mvaaji apate kutembea. Kuna kikwapa, kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono ili mshono usipasuke mtu anapoinua mikono, jambo ambalo mwenye kuswali hulifanya mara nyingi kwa siku. Kuna sijafu kwenye ncha ya mkono, kaba la kuitia nguvu shingo, na lisani, kile kipande kinachokaa chini ya mpasuo wa kifua. Badani na lisani ni maneno yaliyotoka Kiarabu, moja likiwa na maana ya kiwiliwili na jingine ulimi. Kikwapa ni kwapa la Kibantu lililotiwa udogo. Nguo imepewa mwili kabla ya kuvikwa mwilini. Ina ulimi uliofichwa chini ya shingo.

Wanaozoea istilahi za ushairi hawatakosa kuona jambo. Mshororo wa shairi nao hugawanywa kwa vipande, na vipande hivyo huitwa ukwapi, utao, mwandamo na ukingo. Kingo na matao ni mambo ya nguo kama yalivyo ya nyumba. Kwapa ni la mwili na la kanzu. Tena kitenzi kikuu cha sanaa hii, kutunga, ni kile kile cha kutunga shanga kwenye uzi. Haifai kwenda mbali kuliko ushahidi unavyoruhusu. Mfanano wa maneno hauthibitishi kwamba washairi walikopa kutoka kwa washonaji, na yawezekana wote walikopa kutoka kwenye mwili na nyumba. Lakini unatosha kuonyesha kuwa katika Kiswahili hapakuwa na ukuta mnene kati ya ufundi wa uzi na ufundi wa neno, na kwamba ukuta huo umejengwa na mgawanyo wa masomo uliokuja na shule, ambamo fasihi iliwekwa katika chumba kimoja na ushonaji katika chumba cha sayansi ya nyumbani.

Sarufi pia ina la kusema. Vitenzi vya kazi hii huja na vinyume vyake ndani ya shina: kushona na kushonoa, kufuma na kufumua, kukunja na kukunjua. Anayeshona hufikiria tangu mwanzo namna nguo itakavyofumuliwa. Kupiga bandi ni kushona kwa mishono mirefu ya muda ambayo imekusudiwa itolewe. Ni kazi ambayo haionekani ikishakamilika, na ambayo bila yake mshono wa kudumu hauendi sawa. Kanzu iliyochakaa kwenye kola na sijafu haikutupwa. Ilishonolewa, sehemu zilizo nzima zikakatwa upya, na mtoto akatoka na kanzu ya Idi. Leso iliyopauka ikawa mbeleko, baadaye nepi, baadaye tambara la kupangusia. Nguo moja iliweza kuwa na maisha manne au matano, na katika kila moja mkono mwingine uliingilia kazi ya mkono uliotangulia.

Mhakiki wa miswada ya kale ya Kiswahili atalitambua hili mara moja. Utenzi mkongwe wa pwani haumfikii msomaji ukiwa na sura moja. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, imehifadhiwa katika nakala zinazopishana kwa idadi na mpangilio wa beti. Wanakili waliongeza, wakapunguza, wakapanga upya. Wataalamu wametumia juhudi kubwa wakitafuta matini ya asili, na wengine wamekata tamaa. Mshonaji wa nyumbani asingekata tamaa, kwa sababu asingeanza na dhana hiyo. Kwake kipande cha zamani ni malighafi halali, mradi kiungo kiwe imara. Ikiwa wahakiki wa tenzi wangechukua mfano wao kutoka kwenye kushonoa badala ya kutoka kwenye kiwanda cha uchapaji, tofauti za nakala zingeacha kuitwa makosa upesi hivyo.

Sasa kuhusu kofia. Kofia ya mkono ya pwani hufanyizwa kwa sehemu mbili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Kitambaa cheupe huwekwa tabaka juu ya tabaka, michoro ikachorwa kwa penseli, kisha vitobo vidogo vidogo hutobolewa kwa kufuata mchoro na kila kitobo kikazungushiwa uzi hadi ukingo wake ukakaza. Kati ya vitobo kunajazwa mishono ya kudarizi. Kazi ya kofia moja huchukua majuma, na iliyo nzuri huweza kuchukua miezi. Ugumu wake mkubwa uko katika ulinganifu: mchoro wa ukanda lazima ukutane na mwanzo wake bila ya kubaki nafasi wala kubanana. Fundi aliyekosea hesabu mwanzoni hulijua kosa lake akiwa amefika mwisho, kama mshairi aliyeanza na kina asichokiweza.

Katika Mji wa Kale kofia zilikuwa miongoni mwa njia ambazo mwanamke aliyekaa utawani aliweza kujipatia fedha bila ya kuvuka mlango. Margaret Strobel, katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1979, ameonyesha namna ambavyo kufichwa kwa wanawake wa tabaka la juu hakukuwa na maana ya kutofanya kazi. Kazi iliingizwa ndani. Kofia ilitoka nje kwa mkono wa mtoto au wa jamaa wa kiume, ikauzwa, na ikaishia kwenye kichwa cha mtu ambaye mshonaji hakumjua. Ilikwenda msikitini na barazani, mahali ambapo aliyeishona hakuketi. Watu walioketi barazani waliitazama, wakasifu kazi yake, wakauliza bei. Swali la nani ameishona huenda halikuulizwa, na kama liliulizwa, adabu haikuruhusu lijibiwe kwa jina.

Hapa hoja ya mtunzi asiyejulikana inarudi kwa uzito zaidi. Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kusema kuwa kazi za jadi hazina mwenyewe, kwamba ni mali ya jamii. Kwa kofia, kauli hiyo haina ukweli. Kofia ilikuwa na mwenyewe hadi siku ilipouzwa. Wanawake wa mtaa mmoja waliweza kutambua mkono wa fulani kwa ukazaji wa uzi na kwa michoro aliyoipenda, kama wasikilizaji walivyotambua mtindo wa malenga. Jina lilipotea baadaye, sokoni, kwa sababu za stara na za biashara. Kuita kupotea huko umilikaji wa jamii ni kuyapamba mambo. Yawezekana kabisa kwamba nyimbo nyingi za wanawake zinazoitwa za jadi katika vitabu vya shule zilipoteza majina ya watunzi wao kwa njia iyo hiyo.

Wala isidhaniwe kuwa sindano ni ya kike kwa maumbile. Kule Lamu wanaume huonekana barazani wakishona kofia huku wakizungumza. Katika Mombasa fundi wa cherehani anayekaa kwenye baraza ya duka kwa kawaida ni mwanamume. Mgawanyo uliojitokeza ulikuwa wa mahali na wa chombo: sindano ya mkono ndani, cherehani nje. Cherehani ndogo ya kuzungusha kwa mkono ilipoingia nyumbani katika karne ya 20 ilivuruga mgawanyo huo, kwani mwanamke aliyekuwa nayo aliweza kushonea majirani marinda na suruali za watoto kwa malipo, akiwa bado yumo ndani ya kuta zake. Ni moja ya mali chache ambazo zilizalisha mali nyingine. Fasihi ya Kiswahili imeitumia cherehani kwa uchache mno ikilinganishwa na uzito wake katika maisha ya nyumba hizo.

Kwa hakika fasihi hiyo imekuwa na mengi ya kusema juu ya kuvaa, na machache juu ya kushona. Methali zinaonyesha hivyo. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Zote mbili zinachukulia nguo kuwa heshima: kuwa nayo, kuikosa, kuvuliwa. Aliyeifanya hayumo. Hali kadhalika katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Msham wa Pate mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, mkazo uko kwenye usafi, manukato, hina, wanja na mapambo ambayo mke hujipamba nayo kwa ajili ya mumewe. Ni wosia wa mwanamke wa tabaka tawala, na nyumba inayosawiriwa humo ni nyumba yenye watumishi. Uhakiki wa kifeministi umeujadili utenzi huu kwa kina kuhusu utiifu. Haujauliza kwa kiasi hicho nguo za nyumba ile zilitoka mikononi mwa nani.

Swali hilo haliepukiki, na ndipo kumbukumbu tamu za vizazi vilivyojishonea zinapohitaji tahadhari. Mazungumzo juu ya ushonaji wa zamani yana mwelekeo wa kumfanya kila bibi kuwa fundi aliyeketi kwa utulivu karibu na dirisha. Mombasa ya karne ya 19 ilikuwa mji wa waungwana na watumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa haikuondolewa katika ukanda huu wa pwani hadi mwaka 1907. Nguo zilitenganisha watu. Kaniki na merikani, yaani kile kitambaa kigumu kisichopaushwa kilicholetwa na meli za Kimarekani, zilikuwa za watu wa chini. Kufunika kichwa ilikuwa haki ya waungwana. Wanawake wa tabaka la juu walipotoka nje walitembea ndani ya shiraa, turubai la nguo lililobebwa na watumwa wakilizunguka. Shiraa ni nguo ambayo mvaaji hawezi kuivaa peke yake. Buibui lililokuja mwanzoni mwa karne ya 20 ni kinyume chake: kitambaa cheusi kinachoshonwa kwa mishono michache, kinachofungwa kichwani, na ambacho mwanamke mmoja hujivika kwa mikono yake miwili. Utumwa ulipokwisha, watu wa kushika pembe za shiraa hawakupatikana tena, na wale waliokuwa wakizishika wakavaa buibui.

Jambo hili lina uzito wa kifasihi ambao hautoshi kuachiwa wanahistoria. Buibui, ambalo wageni wamelisoma kama alama ya kufungwa, lilikuwa kwa binti wa mtumwa dai la uungwana. Na urahisi wa kulishona ni sehemu ya dai hilo, kwa kuwa halikuhitaji fundi wala fedha nyingi. Laura Fair ameeleza jambo linalokaribiana na hili kwa upande wa Zanzibar katika maandishi yake ya mwaka 1998 na 2001, akionyesha jinsi leso na mavazi mengine yalivyotumiwa na waliotoka utumwani kujitambulisha upya. Kwa Mombasa, chanzo kilicho bora zaidi kwa msomaji wa Kiswahili ni kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel, Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichotoka mwaka 1991, miaka miwili baada ya toleo la Kiingereza. Humo Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy wanasimulia maisha yao, na nafasi zao katika jamii zinatofautiana kuanzia ukoo uliomiliki watumwa hadi ukoo uliotoka utumwani.

Kitabu hicho husomwa zaidi kama chanzo cha historia. Kinastahili kusomwa pia kama kazi ya kuunga. Masimulizi yalirekodiwa katika mazungumzo, kisha wahariri wakayapanga ili yapate mwendo wa maisha. Kila anayesikia Kimvita atahisi mahali ambapo kipande kimewekwa karibu na kipande: mrejeo wa ghafla, jamaa anayetajwa kabla ya kutambulishwa, jambo linaloanza upya kwa maneno mengine. Mishono hiyo si aibu. Inampa msomaji nafasi ya kutambua kuwa mbele yake yako mambo mawili, sauti na mpangilio, na kuwa aliyepanga siye aliyesema. Tawasifu zilizoandikwa moja kwa moja na wasomi huificha mishono yao vizuri zaidi, na kwa sababu hiyo huaminiwa kuliko zinavyostahili.

Upande wa wanaume una mfano ambao unaonyesha nini kingewezekana. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa hadi kifo chake mwaka 2017, alitunga tenzi kwa makusudi ya kuhifadhi msamiati wa kazi. Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, inafuata ujenzi wa chombo cha baharini. Umbuji wa Mnazi, wa mwaka 1985, unaufuata mnazi na yote yatokanayo nao. Utenzi hapa unafanya kazi ya kamusi, lakini kamusi ambayo maneno yake yamewekwa kwa utaratibu wa kazi yenyewe, hatua kwa hatua, badala ya alfabeti. Baadhi ya wahakiki wameziona tungo hizi kuwa kavu. Hukumu hiyo si ya haki. Ukavu wao ni ule wa mtu anayemwonyesha mwanafunzi mahali pa kushika chombo, na raha yake huja kwa anayetaka kujua.

Tena mitepe, vyombo vya kale vya visiwa vya Lamu, vilikuwa vyombo vya kushona: mbao zake ziliungwa kwa kamba za makumbi badala ya misumari. Kitenzi ni kimoja. Fundi wa mtepe alishona kama bibi wa Kibokoni alivyoshona kofia, na kanuni ya kazi zao ni moja, kwamba mshono hauna budi kukaza bila ya kukata kile unachokishika. Chombo kilipata utenzi wake, na mnazi pia. Istilahi za badani, taharizi, kikwapa na lisani zinaishi bado katika vinywa vya mafundi wachache na katika kamusi zilizokusanywa zamani, mathalani zile zilizoanzia kazi ya Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882. Mwanafunzi wa uzamili anayezitafuta leo huzipata kwa urahisi zaidi maktabani kuliko nyumbani kwao. Kwa mji ulio umbali wa mwendo wa miguu kutoka kwa wanaojua, hilo ni jambo la kushangaza.

Sababu za hali hiyo zinajulikana na hazihitaji maelezo marefu. Kofia za mashine na kanzu zilizoshonwa ng'ambo huuzwa kwa bei ambayo mkono hauwezi kushindana nayo. Mitumba imejaa kuanzia Kongowea hadi kwenye vichochoro vya kisiwani. Kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 20 buibui la zamani lilianza kuliachia nafasi abaya kutoka Ghuba, ambalo huja likiwa limekwisha kudariziwa na mtu wa mbali. Wasichana wameingia shule na ofisi, na hakuna anayepaswa kulilia siku ambazo kushona kofia utawani ilikuwa njia pekee iliyoachwa wazi. Mhakiki anayetamani kofia za mkono zirudi bila ya kutaja malipo yake anatamani kazi ya mtu mwingine.

Kilichosalia, na ambacho hakijatafitiwa, ni kitendo kile kidogo kilichotajwa mwanzoni. Leso ina sehemu tatu ambazo kila mnunuzi huzijua: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa ndani ya mji, karibu na pindo la chini. Pindo lililochapwa ni kazi ya kiwanda. Pindo la pili, lile la uzi, ni la mwenye leso. Wengine hupinda kwa mkono, wakiwa wamekaa na wenzao. Wengine kwa cherehani. Upana wa upindo huo na unyofu wake huonekana na kila mwanamke atakayeishika. Anayekata jozi kwa pupa huenda akaigusa chapa ya pindo, na jina lake, hata liwe kali namna gani, hukaa kwenye kipande kilichopinda upande.

Kwenye Barabara ya Biashara, nje ya maduka ya leso, mafundi huketi na cherehani zao wakingoja. Mnunuzi hutoka na jozi yake, akaikunjua kidogo ili kulionyesha jina kwa aliyefuatana naye, wakacheka au wakanyamaza, kisha akampa fundi. Fundi halisomi. Hutafuta mstari mweupe ulioachwa kati ya vipande viwili, akakata, akageuza ukingo mara mbili kwa kidole gumba, na kuanza kushona kutoka pembeni.